Akisema Hapana, Jambo Linalala: Miaka Thelathini na Moja ya Mama Dodoso

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa kumi kamili jioni, mratibu wetu wa kazi za nyanjani atarudisha funguo tatu, mwavuli mmoja wa ofisi, na kitambulisho chenye picha ya enzi ambazo nywele zake zilikuwa nyeusi zote. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja na miezi miwili katika kituo hiki cha utafiti wa jamii. Wote hapa tunamwita Mama Dodoso. Hata mkurugenzi, ambaye kwenye barua humwandika kwa cheo chake kirefu, akikwama humwita hivyo hivyo.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu mimi ndiye nitakayekalia kiti chake. Naomba niseme ukweli mapema: ninaogopa. Awamu ya kumi na mbili ya utafiti wetu inaanza Agosti. Kaya ni zilezile 412, mitaa ni ileile miwili, na maswali ni yaleyale: nani ana madaraka, nani ananyimwa, na watu wanagombania nini. Kinachobadilika ni mtu wa kubisha hodi. Kaya hizo zimemfungulia Mama Dodoso kwa zaidi ya miaka ishirini. Zikinifungia mimi, utafiti umekwisha, na kazi yake yote itabaki kuwa makaratasi ya kabatini. 

Haya, tuanze. Aliingia hapa kama mpiga chapa wa muda, mkataba wa miezi mitatu. Alipewa rundo la madodoso, yaani yale makaratasi ya maswali yanayojazwa nyumba kwa nyumba, ayachape yasomeke. Wiki ya pili akamwendea mkurugenzi wa wakati ule na kumweleza kwamba madodoso ishirini katikati ya rundo hayajawahi kufika kwenye nyumba ya mtu. Akaulizwa amejuaje. Akasema nyumba ishirini haziwezi zote kuwa na watoto wanne, redio moja na baba mpole. Mdodosaji akaitwa, akakana, akatoka jasho, akakiri. Kazi yake akapewa mpiga chapa, na viatu vyake pia, maana ofisi ilikuwa imenunua jozi moja tu. Vilikuwa vikubwa namba mbili. Alivijaza karatasi akatembea navyo mwaka mzima.

Utafiti wa kaya 412 ulianza mwaka wake wa tisa. Upo Mtaa wa Juu na upo Mtaa wa Chini, na katikati lipo bomba la maji moja linalotumiwa na wote, ambalo limeleta maneno mengi kuliko maji. Wataalamu walitaka kupima tofauti za hali za watu kwa kuhesabu mabati, vitanda na redio. Mama Dodoso aliwaacha wahesabu. Kisha akapachika swali lake dogo chini ya ukurasa: maji yakiwa ndoo moja tu, nani anaoga kwanza na nani anaoga mwisho? Maprofesa wawili wameandika makala juu ya swali hilo. Mmoja alimshukuru kwenye tanbihi, akakosea cheo chake.

Sasa nije kwenye aibu yangu, maana bila hiyo hamtamwelewa.

Miaka kumi iliyopita nilikuwa mgeni hapa, nimetoka chuoni juzi, nadharia zimenijaa hadi masikioni. Nikapewa kuandika upya sehemu inayohusu madaraka ndani ya nyumba. Nikaandika: “Ni nani mwenye nguvu zaidi katika nyumba hii?” Nikaliona swali fupi, zuri, la kisomi. Majibu yaliporudi nusura nirukeruke. Karibu nusu ya kaya zilisema mwenye nguvu zaidi ni kijana wa kiume wa miaka ishirini hivi. Baba hayumo, mama ndiyo kabisa. Nikateremsha kurasa kumi na nne kuhusu mapinduzi ya kimyakimya ya vijana. Mkurugenzi akazipenda, akaanza kutafuta mkutano wa kwenda kuzisomea.

Mama Dodoso alizisoma wakati wa chai. Alipofika ukurasa wa sita akakuta kaya tatu zimemtaja shemeji anayebeba magunia sokoni, na kaya moja imemtaja punda. Kuhusu punda nilikuwa nimeandika aya nzima, kwamba anawakilisha nguvu za uzalishaji. Akaweka kikombe chini, akafuta machozi kwa leso, akaniita kando. Hakunicheka mbele ya watu, na hilo sijalisahau. Aliniambia kwa upole kwamba watu hawa ni waungwana: nimewauliza mwenye nguvu, wamenipa mwenye misuli. Kisha akachukua kalamu yangu, akafuta swali langu, na juu yake akaandika lile ambalo tunalitumia hadi leo: katika nyumba hii, nani akisema hapana, jambo linalala?

Alichukua wadodosaji wawili wakarudia kaya zote kwa siku kumi na tisa. Mkurugenzi aliambiwa kwamba swali lilikuwa “nguvu ya kuamua”, ila maneno mawili ya mwisho yalikatika wakati wa kuchapa. Mashine ya kuchapia ikabeba lawama yangu kwa miaka kumi, na haijawahi kulalamika. Mkurugenzi, kama unasoma hapa, shikamoo.

Majibu mapya yalitutia adabu. Katika kaya sitini na moja, aliyekuwa akisema hapana na jambo likalala ni bibi asiyeweza hata kuinuka kitandani. Kwingine alikuwa kaka aliyehamia mbali, anayepiga simu mara moja kwa mwezi. Kwingine wifi, ambaye si wa nyumba hiyo na wala hakualikwa. Wale vijana wenye misuli tuliwakuta mkiani kabisa, ndio wanaotumwa maji.

Swali hilo lilitunogea hadi tukalipigia kura hapa ofisini, kwa siri, wafanyakazi wote ishirini na watatu. Mkurugenzi alipata kura mbili, moja kwa mwandiko wake mwenyewe. Mpika chai alipata tano. Mbili ziliharibika. Kumi na nne zilikwenda kwa Mama Dodoso, ambaye aliposikia aliyabatilisha matokeo yote kwa hoja kwamba hatukuomba ridhaa ya wahojiwa. Akasema hapana, na jambo likalala.

Lakini kuna siku moja ambayo hatukucheka. Miaka sita iliyopita mitaa ile miwili iligombana juu ya zamu za bomba. Madirisha yalivunjwa, njia ikafungwa kwa mawe, watu wakalazwa. Ripoti yetu ilipotoka, ilisema kwamba watu wengi wa Mtaa wa Chini wanaamini zamu zinapangwa kwa undugu. Mwenyekiti wa kamati ya maji akaja hapa na wanaume wawili. Alitaka majina ya waliosema hivyo. Alisema asipopewa, kibali chetu cha kufanya utafiti atahakikisha hakionekani tena, na alikuwa na uwezo huo. Mkurugenzi hakujua aje au aende.

Mama Dodoso alimvutia mwenyekiti kiti, akaagiza chai, akamsomea yale maneno tunayoyasoma kwenye kila mlango: kwamba jina la mtu halitoki. Akayasoma yote, polepole, kana kwamba mgeni ndiyo kwanza anaombwa ridhaa. Halafu akamkumbusha kwamba naye ni mmoja wa kaya zetu, majibu yake yamo kwenye kabati lilelile, na wapo watu wa Mtaa wa Chini waliokuja kuyataka wakanyimwa. Mwenyekiti alikunywa chai yote. Alipoondoka alituaga vizuri. Kama watu hao wa Mtaa wa Chini waliwahi kuja kweli, mimi hadi leo sijui, na sijathubutu kuuliza.

Nyumbani kwake hali si tofauti sana. Mumewe, fundi cherehani ambaye ni mtu wa maneno machache, anasema kila jioni huulizwa siku ilikuwaje, nani alikuja dukani, alivaa nini na aliondoka na uso gani. Kila mara mkewe humtangulizia kwamba ana haki ya kutojibu swali lolote. Anasema kwa miaka thelathini na sita ya ndoa hajafanikiwa kuitumia haki hiyo hata mara moja. Binti yao, ambaye ni nesi, anasema alipoleta mchumba nyumbani, kijana wa watu alihojiwa saa mbili na nusu, na mwishoni akashukuriwa kwa muda wake.

Sasa nifike kwenye makabidhiano, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakininyima raha. Wiki mbili zilizopita tulikwenda mitaani kufanya majaribio ya awamu mpya, ambayo majibu yake nayo yanahesabiwa. Nilidhani atanishika mkono nyumba kwa nyumba akinitambulisha, nami nitatabasamu pembeni. Tulipofika alikaa kwenye benchi la duka, akafungua mwavuli, akanionyesha njia kwa kidevu. Kisha akanipa sharti moja tu.

“Ukitaja jina langu, mlango umenifungulia mimi. Wewe utakuwa bado uko nje.”

Nyumba ya kwanza nikalivunja sharti. Naungama. Mama mwenye nyumba alichungulia tu dirishani, nami roho ikaniruka, nikajikuta nimeropoka kwamba nimetumwa na Mama Dodoso. Mlango ukafunguka pima mbili! Nikapewa kiti chenye mto. Nikajibiwa kila swali, haraka, kwa tabasamu: zamu za maji ni za haki, majirani wanapendana, nyumbani kila mtu ana sauti sawa. Nikatoka kifua mbele. Nilipofika kwenye kona ndipo nikaelewa kwamba nimejibiwa kama mgeni, yaani sijajibiwa.

Nyumba ya pili ilikuwa ya fundi baiskeli, mzee ambaye katika awamu zote kumi na moja hajamfungulia mdodosaji yeyote ila Mama Dodoso. Alinisimamisha nje ya geti juani, yeye ndani akiziba tairi, tunaongea kupitia nondo. Akauliza nimetoka wapi. Nikamtajia kituo na kazi yangu. Jina la Mama Dodoso lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, nikaung'ata. Akauliza mwenyekiti wa kamati akitaka kujua alichosema, nitafanyaje. Nikasema sitamwambia. Akauliza kuhusu polisi. Nikasema hata wao. Bosi wako? Nikamwonyesha karatasi, kwamba ina namba tu, haina jina.

Akaweka tairi chini, akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza.

“Na yule mama anayekujaga hapa, utamwambia?”

Huyu ndiye aliyenifundisha kazi, aliyenisitiri kwa lile swali la punda, na alikuwa ameketi hatua mia moja kutoka pale. Nikamjibu kwamba Mama Dodoso anastaafu mwisho wa mwezi, na kwamba majibu ya awamu hii si yake tena. Hapana, sitamwambia.

Mzee akafuta mikono kwenye suruali, akafungua geti. Nilikaa kwake saa moja na nusu, kwenye debe lililopinduliwa. Aliyoyasema hayaandikwi hapa.

Niliporudi kuelekea dukani, dodoso limejaa hadi pembeni, nilikuwa nikipanga maneno ya kumkatalia. Utamwambiaje mama wa namna hii kwamba hili halikuhusu? Nilijua ataniuliza. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka thelathini na moja hajaacha kuuliza: ameuliza wenyeviti, wagomvi, wagonjwa, na wakwe watarajiwa. Aliniona nikija. Aliona nimetokea geti lipi, na aliona karatasi ilivyojaa. Nikasimama mbele yake nikisubiri.

Akaniuliza kama nimekunywa maji. Nikasema ndiyo. Akafunga mwavuli, akanitangulia njiani, na mpaka tunafika ofisini hakuuliza kitu kingine. Hapo ndipo nilipojua kwamba amestaafu kweli, nikalia kidogo, nikasingizia vumbi.

Mama Dodoso, kwa niaba ya wote ishirini na wawili tunaobaki, asante kwa miguu yako, kwa sikio lako, na kwa mdomo uliojua kufungwa. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana bila kengele, na mume mwenye pumzi ya kujibu. Kuhusu kazi usiwe na wasiwasi. Zimebaki kaya 411, kwa sababu ile ya kwanza nitairudia.