Pumzi Hamsini na Mbili

Kwenye basi la Lukozi, mama wa mbele yangu alipakata paka mwenye pumu na daftari la elimu ya watu wazima. Kila paka anapolala humhesabia pumzi kwa dakika moja na kuziandika ili bwana mifugo wa Lushoto azione.

"Pumzi za paka haziandikwi, mama," alisema mzee jirani yake, balozi wa nyumba kumi, akivuta kiko. Paka akakohoa. Mama akaitazama saa ya mzee, akahesabu. "Jina lako nani, baba?"

"Sefania," alijibu kwa fahari. Viongozi hupenda kuandikwa.

Mama akaandika polepole: *Hamsini na mbili. Moshi wa Sefania.*

"Futa hilo," mzee akasema, akilishika daftari.

"Silifuti, baba. Ndilo jina la kwanza nililoandika bila mwalimu."

Basi liliposimama Lushoto, kila mmoja alishikilia upande wake wa daftari. Paka alikuwa amelala, na hakuna aliyehesabu.