Pont Mpya ya Nkambo

Kijiwe cha Mama Berthe pale Kikula, mjini Likasi, kilikuwa na benchi ambalo huwezi kulikuta penginepo: ubao mrefu uliolazwa juu ya ekseli ya mbele ya lori. Watu wa Likasi ekseli huiita pont, kwa Kifaransa chao cha gereji. Pont hiyo ilitolewa kwenye lori kuukuu la jeshi, kuukuu kiasi kwamba mtaa mzima uliliita Nkambo, yaani babu. Upande wa kuume wa benchi ubao ulinyanyuliwa na difu, lile tumbo la chuma lenye meno ndani, kwa hiyo hakuna aliyependa kukaa hapo, na aliyechelewa kufika ndiye aliyekalia nundu. Ilikuwa miaka ile ya tisini. Kiwanda cha shaba kililipa kwa unga, siku kilipolipa, na mafundi waliokuwa wakiamka kwa king'ora sasa waliamka kwa kahawa ya Berthe.

Asubuhi hiyo Évariste alikaa kimya, grisi hadi viwikoni, akisikiliza sifa zake. Alizipenda, tusimfiche. Nkambo lilisimama pale pale mbele yao, na chini ya pua yake palikuwa na pont mpya, nene, aliyoing'oa kwenye mzoga wa lori uliolala porini njia ya Mwadingusha. Kesho alfajiri alitaka kwenda nalo ziwa Tshangalele kumchukua mke wake, Julie. Julie alikwenda huko kutafuta samaki wa kuuza, mimba ikiwa bado ndogo. Mvua ikaikata njia, na mimba haikungoja njia ikauke. Magari yaliyojaribu kupita yalirudi yakisukumwa na watu. Lingepita tu lori la kuvuta kwa magurudumu yote manne, kama Nkambo, nalo lilikuwa limeshavunja vyuma vya pont yake ya zamani mara mbili.

— Miye nasema, ile pont haitavunjika hata siku moja, alisema Casimir, ambaye wote walimwita Radio kwa kuwa hakuna aliyejua anazimwa wapi. Chuma yake balichanganya na cobalt. Unaigonga na nyundo, nyundo njo inalia.

— Nani alikuambia? aliuliza Berthe, birika mkononi.

— Muntu mwenye anajua.

— Ule muntu njo weye.

Godefroid, mwenye jina la Ministre, alisimama. Hata sukari hakuweza kuiomba bila kusimama.

— Bandugu, tuheshimu kazi. Évariste hakununua kitu. Joint ya kuzuia mafuta, alikata mu mukaba ya zamani ya kiwanda, ya kubebea majiwe. Boulon za kukazia, alifanya na chuma ya rail. Na akili ya kupindua, je? Difu ya ile pont iko kushoto. Nkambo, yake inaomba kuume. Muntu mwingine angelia. Évariste akaipindua kichwa chini, kushoto ikakuwa kuume! Bon, ile haiko mécanique tena. Ile ni siasa.

Wakacheka, na Évariste akacheka zaidi yao. Ni kweli alijivunia. Kardan, mti ule wa chuma unaopeleka nguvu mbele, ulikaa sawasawa kwenye difu kana kwamba ulizaliwa hapo. Alikuwa amelizungusha Nkambo mtaani, likakata kona kwa utii. Jambo moja tu hakulijaribu, kuvuta kwa magurudumu ya mbele. Hayo huunganishwa mtu akifika kwenye matope, na essence, yaani petroli, ya kuchezea mjini haikuwapo.

— Matope yenyewe itachanganyikiwa, alisema Radio. Ilizoea pont ya kusimama. Ikiona ya kupinduka, haitajua itashika wapi.

— Mufunge ile pont kule ku barrage ya umeme ya Mwadingusha, alisema Ministre, muone kama courant itakatika tena Kikula.

— Miye naona ziwa hataizunguka. Atapita mule mule mu mayi, samaki batatoka kumusalimia.

— Casimir, kunywa kahawa, alisema Berthe. Évariste, bibi yako atapanda mutuka ao mashua?

Kicheko hakijaisha, akatokea mwanamke anasukuma baiskeli, matope hadi magotini, samaki wakavu wamefungwa nyuma. Évariste alimtambua: Henriette, aliyempa Julie chumba kule ziwani.

— Jambo yenu.

— Jambo, mama. Karibu. Ikala.

— Nitaikala. Kwanza kinga yangu, chaîne imetoka tangu kule mulimani. Évariste, Julie anakusalimia. Anasema ukuye. Tumbo imeshuka, mutoto iko karibu.

Évariste aliinuka.

— Kesho niko kule, mama. Angalia pont yenye niliweka.

Henriette alitua samaki wake, akaipindua ile kinga yake, yaani baiskeli, tandiko na usukani vikagusa chini, akaanza kuurudisha mnyororo. Ministre hakuiacha nafasi hiyo ipite. Alimsimulia kazi yote tangu mwanzo, mzoga wa porini, boulon za reli, pont iliyopinduliwa. Mama yule alisikiliza vizuri, vidole vikifanya kazi. Mnyororo ulipokaa, akazungusha pedali kwa mkono, gurudumu la nyuma likavuma.

— Mulisema muliipindua kichwa chini?

— Kichwa chini, mama! alisema Radio, kama aliyeipindua yeye.

— Kama hii kinga yangu?

— Kama ile ile.

— Sasa hii gurudumu, kama ingegusa chini vile iko, kinga ingeenda mbele ao nyuma?

Wote waliangalia. Mkono wa Henriette ulizungusha pedali kama mguu wa mtu anayekwenda mbele. Lakini upande wa gurudumu ulioelekea ardhini ulikimbilia mbele, na gurudumu linalokwaruza ardhi hivyo humrudisha mtu alikotoka. Ministre alikaa, tena juu ya nundu, wala hakuisikia.

Évariste alikuwa ameshakimbilia Nkambo. Wanaume wakamfuata. Akainyanyua pua ya lori kwa kriki aliyoachiwa na jirani yake Kabamba, siku Kabamba na wenzake walipofukuzwa mjini wakapanda treni ya kurudi kwao Kasai. Akajipenyeza chini, akaizungusha kardan kwa mkono, upande ule inapozunguka lori likienda mbele.

— Gurudumu inaenda wapi?

Wanaume waliinama kulitazama gurudumu.

— Ministre! Inaenda wapi?

— Inarudi nyuma, ndugu yangu, alisema Ministre, kwa sauti ndogo ambayo hawakuwahi kuisikia kwake.

Évariste alibaki amelala chali. Aibu ilimpata, lakini hofu iliizidi. Aliliona Nkambo katikati ya matope, nyuma linasukuma, mbele linakataa, vyuma vinapasuka, na Julie bado yuko mbali. Na pont yenyewe, pale juu ya uso wake, ilikuwa bado nzuri. Hilo ndilo lililomuuma. Aliipenda nzima nzima. Tangu siku ya kwanza alijua kwamba vile vyuma viwili vya ndani, vinavyozungusha magurudumu, vingeingia kwenye pont ya zamani, maana malori yote mawili yalitoka mkono wa kiwanda kimoja na meno yao yalilingana. Tumbo la ile ya zamani lilikuwa zima, vilivyokuwa vikivunjika ni vyuma vyake vyembamba vya kuzungusha magurudumu tu. Lakini nani angepasua kitu kizuri hivyo, kijiwe kizima kikikipigia makofi?

Aligeuza kichwa. Kati ya miguu ya wenzake aliliona benchi, na juu yake Henriette, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amekaa.

— Mama, unisamehe, aliita. Simama. Unaikalia pont yangu.

Wakaubwaga ubao na kuibeba pont ya zamani, wanne upande huu, wanne upande ule, na waliokuwa wakipita barabarani wakaitwa. Ministre alivua koti lake. Radio alipewa meno ya difu ayasafishe, na alipoyasafisha hakusema neno, jambo ambalo Berthe alilisimulia mtaani kwa muda mrefu. Vile vyuma vinene vilitolewa kwenye pont mpya na kuingia kwenye ile ya zamani bila ubishi. Breki nzuri zikafuata. Hata joint za mukaba zilipata kazi, kisha pont ya zamani ikafungwa tena chini ya pua ya Nkambo. Wanaume hawa walikuwa wamekaa miaka miwili wakisema tu, lakini mikono yao haikusahau. Évariste aliwatazama na machozi yakamlenga, akasingizia essence.

Jua likielekea kuzama, alilala tena chini, akaizungusha kardan.

— Inaenda wapi?

— Mbele! walipiga kelele wote. Mbele, bwana! Mbele!

— Nilisema miye, alisema Radio, sauti imemrudia. Ile chuma iko na cobalt.

— Na yenye tulipindua, alisema Ministre, kesho tutaiweka ubao, tutaikalia. Vraiment, hata kwa kuikalia tu, iko pont ya heshima.

Berthe aliinamisha birika. Halikutoa hata tone. Walirudi mahali pao pa siku zote wakiwa hoi, wakakuta ubao umelala mavumbini na miraba miwili ya udongo mkavu pale pont ilipokuwa. Henriette, tangu alipoinuliwa kwenye benchi, alikuwa bado amesimama kando ya baiskeli yake.

— Sasa miye, aliuliza, nitaikala wapi?

Wanaume wakatazamana. Katika siku nzima ya akili nyingi, hilo hakuna aliyelifikiria. Ministre alikohoa. Radio aliangalia mawingu.

Évariste alijifuta mikono, akaufungua mlango wa Nkambo.

— Hapa, mama, pembeni yangu, mupaka kule ziwa. Na kinga yako tutaipakia nyuma. Kwa kurudi njo utaachia Julie nafasi.