Tangu Niwashe Gesi, Hakuna Aliyekuja Kuomba Moto

Bwana asifiwe! Nyie wa kule nyuma sijawasikia. Bwana asifiwe tena! Mimi ni Bibi Telesfora wa Izia, mjane, na leo nasimama kushuhudia jinsi Mungu alivyonitoa kwenye upweke, tena kwa njia ambayo mpaka sasa naishangaa.

Ndugu zangu, nimepikia kuni tangu usichana wangu. Moshi umenila macho, kifua kikawa hakinipi raha. Mwanangu anayefanya kazi Namanyere akanihurumia, akaniletea jiko la gesi na mtungi wake. Nilishukuru jamani! Kikohozi kikapungua, sufuria zikang'aa, mafiga nikayatupa nje.

Lakini haikuchukua muda nikaona jambo. Watu hawaji! Zamani, asubuhi za baridi yetu hii ya Ufipa, wazee wenzangu walikuwa wakija na vigae vya vyungu kuomba kaa la moto. Mtu anakuja kuomba kaa, anakaa, anaota moto, tunasengenya kidogo, Mungu atusamehe, mpaka jua linapanda. Sasa kimya. Nikajiuliza, nimemkosea nani? Au wananiona najidai? Ikafika mahali nala ugali huku naongea na mtungi. Chekeni tu, lakini nilikuwa naongea nao! Niliumia sana. Nikaomba, Bwana, niletee mtu, hata mmoja.

Hakuja mtu. Ila asubuhi moja maharage yako jikoni, hayajaiva, gesi ikaisha! Kufuata mtungi mwingine Majengo ni mbali kwa miguu hii. Nikaokota kigae, nikaenda kwa jirani yangu Yustina kuomba kaa. Ndugu zangu, nikawakuta wote pale, wameuzunguka moto wake!

"Karibu, mama wa gesi!" Yustina akasema, wakacheka.

Nikashindwa kujizuia. "Jamani, mbona mmenitupa?"

Yustina akashangaa kweli. "Tukutupe? Mwenzangu, tungekuja kuomba nini? Gesi haina kaa. Tukuingilie tu nyumbani mikono mitupu, hatuna hata shida?"

Kumbe! Wao wananionea haya, na mimi nawaonea haya. Miaka yote hiyo tumependana, na hakuna aliyewahi kwenda kwa mwenzake bila cha kuomba! Hivi sisi watu tukoje? Nikakaa chini, nikasahau maharage.

Kesho yake hodi ikapigwa kwangu. Yustina amesimama mlangoni, anashikashika kanga yake.

"Nimekuja tu," akasema.

Nililia, ndugu zangu. Nililia kwa furaha.

Namshukuru Mungu wangu! Nilimwomba alete mtu ndani, yeye akanitoa mimi nje. Na wewe unayeishi jirani na mzee, mtumaini Bwana, nenda kabishe hodi. Ukiulizwa una shida gani, sema huna shida yoyote. Amina!