Lilikuwa Linateleza Kimya

Fundi cherehani alikuwa na nguo ya mteja mapajani, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele yake ndani ya basi, kwa mama mmoja na mdogo wake wa kiume. Mnunuzi wa vani kuukuu ya marehemu baba yao alikuwa akiwasubiri kituoni, na ufunguo alikuwa nao mdogo mtu.

"Siuzi, dada. Baba alinifundisha kuendesha gari lile kila Jumapili nikiwa na miaka sita. Lilikuwa linateleza kimya, hata mngurumo husikii."

"Kimya kwa sababu lilikuwa limezimika, mdogo wangu. Wewe umeshika usukani, sisi watano na mama tuko nyuma tunasukuma."

Fundi alitazama dirishani kwa adabu.

"Kila Jumapili?" mdogo mtu aliuliza.

"Kila Jumapili. Ukiona tunakushangilia, ujue tunapumzika."

Mdogo mtu, mwenye mvi za kutosha, alifikiri sana. "Lakini nilikuwa naendesha vizuri?"

"Uliingia mtaroni mara mbili. Baba akasema umeegesha."

Basi likasimama. Dada alishuka kwanza, akageuka na kukinga kiganja apewe ufunguo. Mdogo wake akamwekea mkoba aliousahau kitini.