Mabingwa wa 1976 na Kitabu cha Bi. Arlys

“Mashindano ya wanawake ya mpira wa kikapu vyuoni yalianza mwaka 1982.” Hayo yameandikwa kwa herufi za dhahabu kwenye ubao mpya wa ukumbi wetu, na aliyeyaandika ni Mkurugenzi wa Michezo, Bwana Brent Kessling. Si kweli. Anayejua vizuri kuliko sote kwamba si kweli anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Mei 2019, baada ya miaka arobaini na minne katika Chuo cha Elk Prairie, hapa Iowa. Ni Bi. Arlys Tvedt, mwandishi wetu wa alama.

Mwaka 1982 ndipo chama kikubwa cha michezo ya wanaume vyuoni kilipoanza kuwajali wanawake. Kabla ya hapo wanawake walikuwa na chama chao, ratiba yao na fainali zao, miaka kumi mizima. Chama kile kilikufa baada ya wakubwa kuingia uwanjani, na sasa tunaambiwa hakikuwahi kuishi.

Bi. Arlys aliajiriwa Septemba 1975 kupiga chapa barua. Wiki ya pili akapewa meza ya alama ya wasichana kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Desturi ya ofisi ilikuwa hivi: mechi za wanaume ziandikwe kwa wino, za wanawake kwa penseli, ili karatasi ifutwe itumike tena. Bi. Arlys alinunua wino wake mwenyewe. Wachezaji wakambandika jina la Kalamu, na hadi leo wajukuu wao wanamwita hivyo.

Machi 1976 timu ilikwenda Dubuque kwenye fainali ya vyuo vidogo vya jimbo. Walisafiri kwa gari la kanisa, wakalala kwenye mikeka ya mazoezi, wakavaa fulana walizoazimwa na timu ya voliboli. Zikiwa zimebaki sekunde arobaini, refa akaja mezani kumtoa Janelle Oosterhuis kwa madhambi matano.

“Manne, mwanangu,” Bi. Arlys akamwambia. “Wewe una filimbi, mimi nina kitabu.”

Refa akainama, akahesabu kwa kidole, akarudi uwanjani masikio yakiwa mekundu. Janelle akabaki, akafunga kikapu cha mwisho. Tukawa mabingwa kwa alama moja.

Huyo Janelle, kwa mujibu wa kompyuta ya Bwana Kessling, ni watu wawili. Aliolewa likizo ya Krismasi ya mwaka wake wa mwisho. Kabla ya hapo alikuwa Janelle Rudd. Kompyuta ikampa Rudd alama 913 na Oosterhuis 125, halafu ikatangaza kwamba hakuna mwanamke wetu wa zamani aliyefikisha elfu moja. Bi. Arlys alikuwa ameandika pembeni mwa ukurasa, kwa wino: “Ni yuleyule. Amebadilisha jina, si mkono.” Hakuna aliyejisumbua kusoma.

Nimekaa kwenye vikao vitatu kuhusu kutundika ukumbini bango la ubingwa wa 1976, na kila mara nimetoka kichwa kikiniuma. Kwenye kikao cha mwisho Mkurugenzi alieleza, kwa upole wa mtu anayefundisha mtoto, kwamba chama kilichoandaa mashindano yale kimekufa, kwa hiyo ubingwa wake hauhesabiki.

Bi. Arlys alivua miwani. “Mama yangu naye amekufa, Brent. Kwa hiyo mimi sikuzaliwa?”

Tulicheka sote, hata Bwana Kessling. Kisha akaahirisha kikao.

Bi. Arlys, asante kwa wino. Asante kwa mechi elfu moja na mia mbili ambazo hukukosea hesabu. Nenda Decorah kwa dada yako, uvue samaki, na usihesabu chochote usichotaka kuhesabu. Tunakuombea siku ndefu zenye raha.

Na wewe, Bwana Kessling, pamoja na wadhamini watano wa chuo: bango limekwisha kushonwa, limo kabatini kwangu. Wanane kati ya mabingwa wale kumi wanakuja Ijumaa, Janelle akiwa mmoja wao. Lipandisheni kabla ya saa kumi alasiri, mbele ya macho ya Bi. Arlys, na ule mwaka wa dhahabu ubaoni ufuteni. Mkitaka kuandika mwingine, aandike yeye. Kalamu anayo.