Shangazi Aliyepandisha Picha Darini

Tarehe 31 mwezi huu, Shangazi anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi katika kituo chetu cha mazoezi. Hakuna hapa anayemwita kwa jina jingine, meneja akiwemo. Kazi yake imekuwa kuchagua muziki na picha za darasa la yoga, kazi ambayo wageni hudhani ni ya kubonyeza kitufe tu. Waulizeni waliokuwepo!

Aliajiriwa kuendesha spika za darasa la viungo, ukumbi wa chini, ambako muziki ulitakiwa kuwatoa watu jasho. Yoga ilipoanzishwa alihamishiwa ghorofani, na mazoea yake akapanda nayo. Siku ya kwanza aliweka wimbo uliokuwa ukivuma. Watu waliolala chali, macho wamefumba, wakaanza kutikisa vidole vya miguu, na kufika kiitikio darasa zima lilikuwa linaimba. Akaapa kuachana na nyimbo zenye maneno. Kesho yake akaweka maporomoko ya maji, picha ukutani na mvumo wake kwenye spika. Haikupita robo saa, nusu ya darasa ilikuwa foleni ya chooni. Mwalimu wa yoga alimtazama, akasema, "Shangazi, tulikubaliana kulegeza misuli, lakini si hiyo."

Kicheko hicho nusura kigeuke kilio. Mahudhurio yalishuka, na meneja akatangaza kwamba hali isipobadilika mwezi huo, ukumbi utafanywa stoo. Mwalimu akaanza kukunja mikeka. Shangazi hakubishana na mtu. Alijifungia ukumbini, akafanya somo zima peke yake, mkao mmoja baada ya mwingine, na hapo ndipo alipouona ugonjwa: aliyelala chali haoni ukuta. Tulikuwa tukiwawekea watu picha nzuri, kisha tunawalazimisha kupinda shingo kuitazama. Walikuja kupumzika, wakarudi nyumbani wakijikanda.

Akaigeuza projekta iliyokuwa ikirusha picha ukutani, itazame juu. Meneja alipokuta mawingu yanatembea darini, aliuliza kama sasa tumefungua sinema ya popo. "Lala kwanza, mwanangu, ndipo ucheke," Shangazi akamjibu. Akalala, na tai yake shingoni. Mawingu yalikwenda kwa mwendo wa pumzi: yanakusanyika unapoivuta, yanaachana unapoitoa, na chini yake zumari moja isiyo na haraka. Meneja alipoinuka, mkutano aliokuwa akiuendea ulikuwa umeshakwisha. Habari za stoo hatukuzisikia tena.

Tangu siku hiyo hakupeleka wimbo wala picha darasani kabla ya kulala chali na kuujaribu mwenyewe. Leo mikeka imebanana hadi mlangoni, na ndiyo maana tangazo la kustaafu kwake lilitutia baridi. Nani ataweza? Yeye akamteua dada wa taa, anayeshughulikia taa za ukumbi, yule mwenye maneno mengi, akamwambia hatamfundisha nyimbo, atamfundisha kunyamaza na kusikiliza watu wanavyopumua. Tulicheka. Dada wa taa, kunyamaza!

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu yake ya kwanza. Alichagua kinanda laini na picha ya majani yanayopepea juu ya mti, kama uyaonavyo ukiwa umelala chini yake. Shangazi alitandika mkeka mstari wa nyuma ili akague. Sisi wengine tulijazana mlangoni kungoja hukumu, dada wa taa akitafuna kucha. Katikati ya somo hukumu ikaja: mkoromo! Shangazi, ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kufumba macho darasani, alikuwa amelala fofofo. Dada wa taa aliziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakimtoka. Somo lilikwisha, watu wakatoka kwa kunyata, na hakuna aliyemwamsha.

Shangazi, ahsante kwa kila pumzi uliyoitafutia sauti yake. Tunakuombea afya, amani na siku ndefu zenye raha. Na tarehe mosi asubuhi usiamke mapema: darasa lina mtu.