Dakika Arobaini na Saba za Dada Yetu

Ndugu waombolezaji, majirani, na wafanyakazi wenzake wa bandarini, mimi ni mdogo wake marehemu, na ninayoyasoma ndiyo aliyoagiza yasomwe.

Dada yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akaanza shule ya msingi mtaani kwetu mwaka 1965, kisha akasoma sekondari ya wasichana hadi 1975, alikopendwa na mwalimu wa hesabu na kuogopwa na walimu wengine, kwa kuwa hakuona haya kumwambia mtu mzima kwamba amekosea kujumlisha.

Mwaka 1977 aliajiriwa bandarini, karani wa stoo ya wazamiaji, na tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa kuchomelea, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume. Mwaka 1983 alifaulu mtihani wa kupanga mizamio, yaani kazi ya kukaa gatini na saa, penseli na kadi ya majedwali, na kuamua mzamiaji akae chini dakika ngapi, apumzike muda gani, na akirudi majini siku hiyo hiyo apunguziwe dakika ngapi, kwa sababu gesi aliyovuta mara ya kwanza haijamtoka yote mwilini.

Sasa nafika Jumanne, tarehe 14 Juni 1988. Jana katika kikao cha familia baba mdogo aliomba tuuruke mwaka huo, akisema haifai kumwanika marehemu, lakini dada aliniita wiki mbili kabla hajafariki, akanishika mkono, akasema, "Ukiruka hapo, umesoma historia ya mtu mwingine," nami nikawajibu wazee kwa heshima zote kwamba mguu ni wangu. Siku hiyo, nikiwa mzamiaji katika kikosi alichokipangia dakika, nilizama mita kumi na nane kwa dakika arobaini nikikaza boliti za nguzo za gati, nikapumzika saa moja, nikarudi mita kumi na tano, na dada akasoma upande wa mbele tu wa kadi, kana kwamba sijagusa maji tangu asubuhi, akasahau upande wa nyuma, ambako jedwali lilimtaka ahesabu kwamba, kwa gesi iliyonibaki mwilini, kwa kina hicho ni kama tayari nimekaa chini dakika arobaini na saba. Nilikaa dakika tisini, nikapanda moja kwa moja bila kusimama njiani ili gesi initoke, jioni mguu wa kushoto ukagoma, na mpaka leo natembea na fimbo.

Mkuu wa kikosi alimshauri aandike kwamba nilikaidi amri, kwani mdogo mtu hawezi kumshtaki dada yake, naye akakataa katakata, akaandika kosa lake kwa mkono wake, akarudishwa stoo miaka miwili. Aliporejeshwa mwaka 1990 alikuja na sharti moja, kwamba watu wawili wapige hesabu wakiwa wamepeana mgongo, kila mmoja na kibao chake cha kuandikia, na zikitofautiana hata kwa dakika moja hakuna anayelowa. Wakubwa walifoka, meli zikasubiri, hakutikisika. Wazamiaji walimbandika jina la Geuza Kadi, na shemeji alizoea kutania kwamba hata mwaliko wa harusi dada huugeuza aone nyuma pameandikwa nini. Zilipokuja kompyuta ndogo za kuvaa mkononi zinazomhesabia mzamiaji dakika zake aliruhusu zivaliwe, ila kibao kwanza. Alistaafu tarehe 30 Juni 2018, na katika miaka ile ishirini na minane hakuna mzamiaji wake aliyeumia.

Saratani ya ini iligundulika Agosti 2023, akapambana nayo huku akiwasumbua wauguzi kwa maswali ya vipimo vya dawa, akafariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa mbili na robo asubuhi, akiwa na miaka sitini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliotupikia na kutufagilia ua, na wazamiaji waliobeba jeneza. Limebaki moja ambalo hakuliagiza. Kila nilipotaka kumwambia nimemsamehe alinikatiza, akisema tutazungumza akishastaafu, akastaafu, nami nikaona haya. Dada, nilikusamehe kabla sijatoka hospitalini, nimechelewa kusema miaka thelathini na sita, nasema leo mbele ya wote. Pumzika, dada yangu, kwa amani.